Kurudilia GMAT: kitu gani kimebadilika?

Mwezi uliopita, baada ya chakula cha jioni, baba aliniita sebuleni akaniuliza swali ambalo hakuna profesa aliyewahi kuniuliza: «Wewe unayesoma lugha, tuambie. Yaya apewe pesa ya kurudilia ule mtihani, ao basi?»

Yaya ni dada yangu mkubwa. (Mwalimu wetu wa Kiswahili sanifu atanivumilia, najua kwamba Tanzania neno hilo ni la mlezi wa watoto.) Ana shahada ya uchumi, anafanya kazi katika kampuni ya usafirishaji hapa Lubumbashi, na anataka kwenda kusomea MBA ng'ambo. Shule anazozitaka zinaomba alama za GMAT. Mtihani huo unaweza kufanywa nyumbani kwa kompyuta, lakini umeme wa mtaa wetu tunaujua, kwa hiyo alivuka Kasumbalesa kwa basi akaenda kuufanyia Zambia. Alipata 515. Majuma matatu baadaye alirudi kulekule akapata 505. Sasa anataka kwenda mara ya tatu. Ada peke yake inapita dola 200 kila mara, bila nauli wala chumba cha kulala, na nyumbani kuna wadogo wawili ambao minerval yao haijamalizika kulipwa.

Nilianza kwa kuondoa neno moja mezani. Baba alikuwa akisema Yaya «ameanguka mara mbili». Sisi wanafunzi tunajua neno hilo linatoka wapi. Linatoka kwenye sesyo ya pili, ambako mwenye 8 juu ya 20 anarudi kutafuta 10 huku wenzake wakiwa wameenda mapumziko, na ukoo mzima unajua. GMAT haina kuanguka. Haina alama ya kupita. Alama zake zinaanzia 205 hadi 805, na kila shule inaangalia inachokitaka. Anayetaka kurudi anangoja siku 16, na anaruhusiwa hadi mara tano ndani ya miezi 12. Siku hizi mtahiniwa huona alama zake kwanza, halafu ndipo anachagua kuzituma kwa shule ao kutozituma. Wengi wanarudi, wakiwemo wale waliozaliwa na Kiingereza mdomoni. Aibu ya sesyo ya pili haina kazi hapa.

Lakini aibu, pamoja na ubaya wake, huwa inatulazimisha kufanya jambo moja: kusoma kabla ya kurudi. Pale inapokosekana, mtu anaweza kurudi kama anayecheza bahati nasibu. Msimamo wangu ni huu, na ndio nilioutoa sebuleni: mtu asilipe tena mpaka aweze kusema ni kitu gani ndani yake kimebadilika tangu mara iliyopita. Kwa watu kama sisi, tunaosoma Kiingereza kama lugha ya tatu ao ya nne, kitu kinachotakiwa kubadilika mara nyingi ni usomaji, na usomaji haubadiliki kwa siku 16.

Tuangalie kwanza zile 515 na 505. Yaya alilia kwa sababu ya pointi kumi zilizopotea. Hazikupotea. Baraza linalomiliki mtihani, GMAC, lenyewe linaeleza kwamba alama ya jumla ina kosa la kipimo la kama pointi 30 hivi. Ni kama mizani ya sokoni inayotikisika: ukipima gunia lilelile mara mbili, sindano haisimami mahali pamoja. Kwa hiyo 515 na 505 ni mtu yuleyule, aliyepimwa mara mbili akiwa hajabadilika. Na angepata 525 mara ya pili, tungecheza ngoma nyumbani bure.

Halafu tuangalie lengo. Yaya alikuwa akifukuza 700, kwa sababu kitabu alichoazima kilisema 700 ndiyo alama ya shule kubwa. Kitabu kilikuwa cha GMAT ya zamani. Mwishoni mwa 2023 mtihani ulibadilishwa, na kipimo kikabadilika nao. 700 ya zamani inakaribiana na 645 ya sasa. Alama za sasa zote huishia na 5, kwa hiyo ukiona 700 kamili ujue ni ya kipimo cha zamani. Nambari zilikuwa zilezile kwa sura, maana yake tofauti. Sisi tunaita kitu hicho marafiki wa uongo tunapokikuta kwenye maneno. Sikutegemea kukikuta kwenye hesabu.

Hapo ndipo kazi ya mwanafunzi wa lugha inapoanzia, na ndipo nilipokaa na Yaya jioni tatu. Mtihani huu ulianzishwa na shule za biashara za Marekani mwaka 1954, na ni wa Kiingereza tu. Silalamikii hilo: shule inayofundisha kwa Kiingereza ina haki ya kutaka mtu anayekisoma. Hata mabadiliko ya 2023 yalitusaidia kidogo, maana sehemu ya kusahihisha sentensi, iliyokuwa ikipima sarufi ya Kiingereza kwa ukali, imeondolewa pamoja na insha. Kilichobaki ni sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, kusoma na kupima hoja, na kusoma takwimu. Kwa macho ya juujuu, mbili kati ya hizo si za lugha. Nilimwomba Yaya anionyeshe makosa yake ya mazoezi, tukayapanga si kwa mada bali kwa chanzo.

La kwanza lilikuwa mkato. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunaandika 1,5 kwa moja na nusu. Kwa Kiingereza mkato unatenga maelfu, na desimali ni nukta. Yaya anajua hilo akiwa ametulia. Katika jedwali lenye safu sita na saa inayokimbia, macho yake yanarudi shule ya msingi. La pili lilikuwa «billion». Kwa Kifaransa tulichofundishwa, «un billion» ni milioni mara milioni; ya Kiingereza ni ile tunayoiita sisi miliyari. Swali moja la asilimia lilikufa hapo, na Yaya aliamini kwamba ni dhaifu katika asilimia. La tatu, ambalo mimi nalipenda zaidi kwa sababu za kikazi, ni «eventually». Mtu wa Kifaransa analisikia «éventuellement», yaani huenda. Maana yake ni mwishowe, hatimaye, jambo ambalo litatokea. Katika swali la kupima hoja, tofauti kati ya huenda na hatimaye ndiyo jibu lenyewe. Hoja iliyosema bei «itashuka mwishowe» yeye aliisoma kama «pengine itashuka», akachagua jibu la mtu mwangalifu, akakosa.

Makosa ya namna hii yana habari njema: yakishaonekana yanatibika haraka, kwa daftari na kalamu. Hayahitaji Zambia. Ndiyo maana nasema mtu akae na makosa yake kabla ya kununua tarehe nyingine. Kurudia mtihani hakukufundishi kwamba «eventually» inakudanganya, kwa sababu mtihani haukuonyeshi swali ulilokosa. Ripoti yake inakuambia umekosa wapi kwa jumla na muda wako umeishia wapi, basi.

Ugonjwa wa pili ni mgumu zaidi: kasi. Sehemu ya kusoma ina maswali 23 kwa dakika 45, chini ya dakika mbili kwa kila moja, ukihesabu na kusoma kifungu chenyewe. Yaya anasoma Kiingereza kwa kupitia Kifaransa. Sentensi inaingia, inageuzwa, ndipo inaeleweka. Anafika mahali sahihi, ila amechelewa, na maswali ya mwisho yanabaki wazi, jambo ambalo mtihani huu unaliadhibu. Ripoti zake zote mbili zilionyesha hivyo. Hakuna ujanja wa juma moja unaomwondoa mkalimani huyo kichwani. Anaondoka polepole, kwa kurasa nyingi za Kiingereza kila siku, za uchumi, za historia, za sayansi, mpaka siku moja utambue kwamba hukugeuza.

Asistanti mmoja niliyemsimulia habari hii alinipinga. Alisema kurudi tu kunasaidia: mtu anazoea kioo, anazoea saa, woga unapungua. Nakubali, na kwa mtu aliyefanya mara moja tu ningekuwa mpole zaidi. Yaya ameshazoea. Woga wa mara ya tatu si wa kioo tena, ni wa pesa ya baba.

Aliniuliza pia kwa nini asifanye Tage Mage, mtihani wa namna hiyo unaofanywa kwa Kifaransa na kutumiwa na shule za biashara za Ufaransa. Swali zuri. Kule mkalimani hatakiwi, ingawa kuna mtego mwingine: jibu sahihi linatoa pointi 4, la uongo linakata 1, kwa hiyo mwenye haraka anaumia. Kama Yaya angetaka Ufaransa ningemwambia aende huko kesho. Shule zake mbili kati ya tatu zinafundisha kwa Kiingereza, na hata wakimsamehe GMAT, masomo yenyewe hayatageuzwa kwa ajili yake. Kile kitakachompandisha kwenye mtihani ndicho kitakachomsaidia darasani. Bora akijenge sasa.

Basi sebuleni nilisema: asipewe sasa, apewe baadaye. Mama, ambaye ndiye mwenye sanduku, aliongeza sharti lake. Kuna mitihani miwili ya mazoezi ya bure inayotolewa na GMAC wenyewe, ambayo Yaya hakuwahi kuigusa, kwa kuwa alitegemea kile kitabu cha zamani. Pesa itatoka siku atakapoleta yote miwili ikiwa juu ya 515 kwa pointi 50 ao zaidi, yaani mbali ya kutikisika kwa mizani. Yaya alinuna siku mbili, halafu akakubali. Sasa anasoma Kiingereza kwenye basi la asubuhi, na jioni ananitumia maneno yaliyomdanganya, tumefika 61.

Mazoezi ya kwanza aliyaanza Jumamosi iliyopita. Umeme ulikatika kwenye swali la 14. Atayarudia Jumamosi hii, kwa shangazi, ambako kuna jenereta.