Kuperuzi Hadi Saa Nane Usiku: Msusi wa Kibaha na Bodaboda wa Kisarawe Washtuka

Mastaa wa Bongo wana mchezo wao. Mtu anaandika eti anapumzika na mitandao, anafuta picha zote, mashabiki wanaanza kuulizana kaachwa ama anaumwa. Wiki haijaisha huyo hapo, kaja na kionjo cha wimbo mpya. Hiyo siyo kuacha simu, hiyo ni kiki.

Msusi mmoja wa Maili Moja, Kibaha, hana mashabiki wa kuwatangazia. Ana wateja. Anapanda kitandani saa nne usiku, anasema ngoja achungulie stetasi mbili tatu tu, akija kushtuka ni saa nane. Asubuhi anasuka huku jicho moja liko kwenye simu aliyoiegesha kwenye kioo. Ndani ya mwezi mmoja kakimbiwa na wateja wawili: mmoja mistari ilipinda kichwani, mwingine alichoka kusubiri mtu amalize kucheka na simu yake.

Mchumba wake ni bodaboda wa Kisarawe. Wanaoijua ile njia wanajua ni kuunga magari: unashuka Mbezi, unatafuta Gongo la Mboto, ndiyo upandishe Pugu. Binti anakula foleni yote hiyo kumfuata mtu wake, wakikaa mezani chipsi zinapoa, kila mmoja kainamia kioo chake. Akirudi Kibaha ndiyo wanaanza kuchati "nimekumisi" hadi usiku wa manane. Sasa si mlikuwa wote jamani?

Kilichowashtua siyo ushauri wa mtu. Jamaa alikuwa amebeba mama na mtoto, simu ikaita mlio wa meseji, mkono ukaenda wenyewe. Tairi la mbele likatoka kwenye lami kwenye kona. Hawakuanguka, Mungu tu. Yule mama alishuka, akalipa hela yake kamili, akaendelea kwa miguu bila kusema neno. Meseji yenyewe ilikuwa ya msusi: "Mbona hujibu?"

Watu wengi husema ni uvivu au kukosa msimamo. Siyo kweli, au siyo kweli yote. Zamani ukurasa wa mtandao ulikuwa na mwisho, ukitaka kuendelea unabonyeza. Mwaka 2006 Mmarekani anaitwa Aza Raskin akabuni ule mtindo wa ukurasa usioisha, unavuta tu na vitu vinakuja. Baadaye mwenyewe alisema hadharani anajutia. Kwa hiyo binti wa Maili Moja anashindana usiku na kitu kilichotengenezwa kisiwe na mahali pa kusimama, tena na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kumbukeni Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Watu waliwasha na kuzima data kutwa nzima, hata wasiokuwa na cha maana cha kuangalia.

Ushauri wa "futa kila kitu" ni wa watu ambao mishahara yao haipiti WhatsApp. Msusi akifuta, oda zitaingilia wapi? Picha za mitindo ataziweka wapi? Ndiyo maana walichofanya hawa wawili kina akili kuliko maneno ya mastaa. Jamaa alinunua kiswaswadu, laini ya kazi ikahamia huko. Wateja wanapiga, hela inaingia, *150*00# inafanya kazi kama kawaida. Simu kubwa inabaki nyumbani mpaka jioni. Msusi yeye alihamishia chaja sebuleni, na kwa kuwa kisingizio chake kilikuwa "simu ndiyo alamu yangu", akanunua saa ya mezani. Pia kaacha bando la wiki, ananunua la siku. Likiisha limeisha.

Isidhaniwe ni rahisi. Siku za kwanza mikono inawasha, na mara mbili kakutwa sebuleni saa saba usiku kasimama karibu na soketi, simu bado iko kwenye waya. Lakini kigumu zaidi, ambacho hao wanaotoa ushauri hawakisemi, ni watu. Usipoangalia stetasi zao unaambiwa siku hizi unaringa. Kuna shoga yake kabisa, wametoka mbali, kanuna kwa sababu bethdei yake ilipita na jina la msusi halikuonekana kwenye orodha ya walioangalia.

Msusi akampigia simu ya kawaida, wakaongea dakika arobaini. Shoga bado hajasamehe, ila Jumamosi anakuja kusuka.