Sikio Litangulie Simu

Programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, tangu mwaka 2021 humtambua ndege kwa mlio wake: hugeuza sauti kuwa picha, kisha huilinganisha na mifano iliyofunzwa. Chombo hiki hatukipingi. Tunachopinga ni mwalimu kukitanguliza.

Tulipokuwa na wanachuo Kibiti, karibu na delta ya Rufiji, ulisikika mlio wa kububujika, mfano wa maji yamiminwayo chupani. Wote waliinua simu. Jina la kigeni likatokea, na somo likaishia hapo. Mtoto wa darasa la nne akasema, "Huyo dudumizi. Bibi husema akilia, mvua i karibu." Mtoto alikuwa amesikiliza; sisi tulikuwa tumeuliza tu.

Kwa hiyo yafaa wanafunzi kwanza wasikilize, waige mlio, waueleze kwa maneno yao, wawaulize wazee jina na kuliandika. Ndipo simu itoe ushahidi wake. Ikihitilafiana nao, wasikilize tena, maana mashine nayo hukosea. Jina lisilotamkwa darasani husahauliwa, na pamoja nalo elimu ya mabibi waliolitunza.