Lawama za maabara asitwishwe dereva

Makala moja ya magari imedai kwamba gari likila mafuta kuliko takwimu za kiwanda, kosa ni la mguu wa dereva. Dai hilo linawaonea watu.

Takwimu hizo huzaliwa maabarani, gari likizungusha magurudumu juu ya rola. Kipimo cha Japani cha 10-15, kilichotumika kwa Vitz na Passo nyingi za zamani zinazozagaa Dar es Salaam na Mombasa, kilianza injini ikiwa imeshapata moto. Mwendo haukuzidi kilomita 70 kwa saa, na kiyoyozi kilizimwa. Ni dereva gani wa Dar anayezima kiyoyozi kwenye foleni ya Februari? Japani yenyewe iliona kipimo hicho hakitoshi: mwaka 2011 ikaleta kipimo kipya cha JC08, na 2018 ikaingiza kingine, WLTC.

Ulaya nako pengo kati ya maabara na barabara lipo. Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa matokeo ya vifaa vinavyorekodi matumizi ndani ya magari yaliyosajiliwa 2021. Ya petroli na dizeli yalizidi kipimo rasmi kwa takriban asilimia 20. Haibridi za kuchaji kwa umeme zilitoa hewa ukaa mara 3.5 ya ilivyotangazwa. Je, bara zima lina mguu mzito?

Ni kweli, tairi lisilojazwa upepo sawasawa na kukanyaga mafuta kwa pupa huongeza gharama. Lakini hayo huja juu ya pengo lililokuwepo tangu kiwandani. Mnunuzi ajaze tangi, asome kilomita, aendeshe, ajaze tena na kugawanya kilomita alizokwenda kwa lita zilizoingia, kisha apange bajeti kwa namba hiyo.