"Nyumba ya Wakfu Haina Mwenyewe"



Liko neno moja ambalo limekuwa maradhi katika miji yetu ya pwani. Ukuta wa msikiti wa zamani ukipasuka, au chuo walichosomea babu zetu kikianza kuvuja, watu hupita, wakatazama juu, wakasema: "Ile ni nyumba ya wakfu, haina mwenyewe." Kisha huyo mtu huenda zake barazani kunywa kahawa. Mwingine huongeza kuwa serikali itakuja, au atapatikana mfadhili kutoka Arabuni. Mimi nasema neno hili ni uvivu uliovishwa kanzu, na katika dini halina mahali pa kusimama.

Nitakupeleka mbali kidogo, Uingereza, mji wa Liverpool, kwani huko wako Waislamu wachache wasiokuwa na kadhi, wala minazi ya wakfu, wala maduka ya wakfu, nao wamefanya jambo ambalo sisi tunalikimbia.

Katika mji huo alikuwako wakili mmoja wa Kiingereza, jina lake William Henry Quilliam, aliyezaliwa mwaka 1856. Alisafiri Moroko, akawaona Waislamu kwa macho yake, akasilimu mwaka 1887, akaitwa Abdullah. Mwaka 1889 yeye na wenziwe walifungua msikiti katika nyumba nambari 8, Brougham Terrace. (Woking nako ulijengwa msikiti mwaka huo huo, nani wa kwanza, tuwaachie wenyewe wabishane.) Walirushiwa mawe na uchafu wakati wa adhana. Wao wakaendelea na shule, na nyumba ya kulelea mayatima, na gazeti la kila wiki liitwalo The Crescent, na kila Krismasi wakiwalisha masikini wa mji, ambao hawakuwa Waislamu. Sultan Abdulhamid wa Uturuki akamtambua Quilliam kuwa Sheikh-ul-Islam wa visiwa vya Uingereza.

Sasa sikiliza palipoharibika. Mwaka 1908 Quilliam aliondoka Liverpool. Baada yake mwanawe akaiondoa ile nyumba mikononi mwa Waislamu, ikawa ofisi ya mji ya kuandikia vizazi, ndoa na vifo. Pale watu walipokuwa wakisujudu, pakawa ghala ya madaftari. Ikakaa hivyo karibu miaka tisini, hata ofisi ikahama, nyumba ikabaki tupu, inaoza.

Mwenye kusoma fiqhi ataiona ila mara moja. Kazi yote ile ilimtegemea mtu mmoja, na alipoondoka hapakuwa na kitu kilichoifunga nyumba isitoke. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kumuuliza aifanyeje, na hukumu iliyotoka hapo ndiyo tunayowasomesha watoto: asili ya mali huzuiliwa, haiuzwi, hairithiwi, haipewi mtu, manfaa yake ndiyo hutolewa. Katika madhehebu yetu ya Shafi milki ya kilichowekwa wakfu hurudi kwa Mwenyezi Mungu. Basi wewe usemaye kuwa haina mwenyewe, umemtaja nani kuwa hayupo? Nyumba ya wakfu ina Mwenyewe, na ina mutawalli mwenye amana shingoni, na ina watu waliotajwa kunufaika. Inavyokosa ni mtu wa kupanda juu na ndoo ya chokaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 walitokea watu huko Liverpool wakaunda Jumuiya ya Abdullah Quilliam, chama cha kheri cha watu wa kujitolea, ili waifufue nyumba ile. Walikusanya kidogo kidogo, wakafuata ruhusa za mji, kwani jengo limo katika orodha ya majengo ya historia na huwezi kulivunjavunja upendavyo. Mwaka 2014 chumba cha sala kikafunguliwa tena. Fanya hesabu: miaka kama kumi na tano ya kuchanga, na siku ile zile nyumba za ubavuni zilikuwa bado zangoja mafundi. Na sisi tukichangisha miezi mitatu twasema watu wamechoka!

Na jengo lilipofufuka lilirudi kwenye kazi yake ya zamani. Agosti 2024, fujo dhidi ya Waislamu na wageni zilipoenea Uingereza, kikundi cha watu kilikuja mbele ya msikiti huo kuupinga. Imamu na wenziwe walitoka na chakula, wakawaendea wale waliokuja kwa hasira, wakawapa, wakazungumza nao. Mlango wenyewe ni ule ule uliorushiwa mawe zamani.

Turudi kwetu. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka hali mafundi wamo kazini, na watu wawili wakafa, Mwenyezi Mungu awarehemu. Pale palikuwa na serikali. Palikuwa na fedha za Oman. Mji Mkongwe wenyewe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Simtupii mtu lawama. Nasema tu kwamba nyufa zile hazikuanza siku ile, na sehemu zake zilikuwa zimekwisha kuanguka tangu 2012. Mfadhili hufika baada ya barua nyingi. Mvua haingoji barua.

Mafundi wetu wa zamani walijua. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa huweza kukaa mamia ya miaka, walakin maji yakipenya darini hufuata boriti mpaka pale kichwa chake kilipoingia ukutani, yakakiozesha, na boriti ikikatika huvuta ukuta pamoja nayo. Dawa ni chokaa juu ya dari kila mwaka kabla ya masika, na makopo machache ya maji yaelekezwe njia. Leo tunapaka simenti, kwa kuwa ni ngumu na inang'aa. Simenti huzuia ukuta usipumue, unyevu na chumvi hubaki ndani, na baada ya misimu michache lipu hubanduka na kipande cha jiwe. Kijana akijifunza kazi ya chokaa kwa fundi mzee atakuwa na riziki, na wazee hao wanakwisha.

Wako watakaosema: "Sheikh, hii ni kuabudu mawe." Hasha. Hatuyabusu wala hatuyaombi. Tunahifadhi mali ya wakfu isipotee, na kuipoteza ni kosa kabla hatujafika kwenye habari ya mapambo. Wako pia wanaotaka tuvunje mihirabu ya mababu tuweke marumaru na taa za rangi, kwa sababu aliyetoa fedha anataka jina lake mlangoni. Huyo mwambieni amekaribishwa, aanze na choo na mfereji wa maji.

Na chuo kikishafanyizwa kisifungwe kufuli. Asubuhi wasome watoto, alasiri kina mama wapate darsa na mashine za kushonea, usiku vijana wapate taa ya kusomea mitihani, badala ya kukaa gizani ufukweni na wanayoyajua wao. Enyi kina mama, si michache misikiti ya pwani hii iliyowekewa wakfu na wanawake kutoka katika mali zao. Msikubali kuambiwa kuwa jambo hili ni la barazani.

Basi Ijumaa ijayo, baada ya sala, mwulizeni mutawalli wa mtaa wenu mambo mawili: kodi ya maduka ya wakfu imeingia kiasi gani mwaka huu, na dari ilipandwa mara ya mwisho lini. Akikasirika, mwulizeni tena Ijumaa ya pili.