Waliobaki Mityana

Toleo hili linahusu kurudi: majimbo na sinodi zinazofungua upya vituo vya uinjilishaji vilivyoachwa, na mashirika ya kitawa yanayotuma tena watu katika vijiji ambako padre hajaonekana kwa miaka. Maandiko ya kuombea fedha za kazi hizo hufanana. Huanza na orodha ya mapungufu: paa la kanisa limeanguka, wazee wamerudia matambiko, vijana wamehamia kwa manabii wa mahema, hakuna anayefundisha. Huenda kila neno ni kweli. Hata hivyo nadhani orodha ya namna hiyo mara nyingi huandikwa kabla mtu hajafika, na anayerudi akiamini kwamba ameacha utupu atayavuruga hata yale yaliyosimama. Ushahidi ninaoutegemea unatoka Buganda, na sina haja ya kuuongezea chumvi.

Novemba 1882 Wamisionari wa Afrika, wakiwemo Simeon Lourdel na Léon Livinhac, waliondoka Buganda kwa Kabaka Mutesa, wakavuka ziwa na hatimaye wakaweka makao Bukumbi, jirani na Mwanza ya leo. Walikuwa hawajatimiza miaka minne tangu walipofika Februari 1879, na waliokwisha kuwabatiza walikuwa wachache. Mkaguzi yeyote angeandika kwamba misheni ile imekufa. Mutesa akafariki mwaka 1884, Mwanga akatawala na kuwaita, nao wakarejea Julai 1885. Walikuta wanaojifunza dini wameongezeka. Joseph Mukasa Balikuddembe, aliyebatizwa Aprili 1882, alikuwa akiwafundisha vijana wa ikulu waliokuwa chini yake, na Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, alikuwa akiwafundisha wengine. Lakini kinachonivutia zaidi ni Mityana, katika nchi ya Singo. Huko Mathias Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu, waliobatizwa Mei 1882, miezi sita tu kabla mapadre hawajaondoka, walikuwa wamekusanya jumuiya nzima. Ndani yake alikuwemo mfinyanzi, Noa Mawaggali. Kanuni ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, ilidai miaka minne ya ukatekumeni. Noa alibatizwa Novemba 1885, miezi minne baada ya mapadre kurudi. Mtu hawi tayari kwa miezi minne. Waliomwandaa ni majirani zake.

Huwa inajibiwa kwamba Buganda ilikuwa pekee: watu wa ikulu, wenye vyeo na hamu ya kusoma, si wanakijiji wa kawaida. Kwa Mukasa na Kaggwa, sawa. Ila Mityana iko kiasi cha kilomita 70 kutoka Kampala, na mfinyanzi hakuwa mtu wa baraza. Pingamizi zito zaidi ni la wanateolojia: bila padre hakuna Ekaristi, na mafundisho yasiyo na msimamizi hupinda. Hilo ni kweli nusu, na nusu hiyo nisingependa kuipuuza. Tarehe 15 Novemba 1885, siku Mukasa aliyouawa kwa amri ya Mwanga, vijana wa ikulu waliwaendea mapadre usiku kuomba ubatizo, na Karoli Lwanga alikuwa mmoja wao. Kama Lourdel na wenzake wangekuwa bado Bukumbi, wasingekuwepo wa kuwapokea. Lakini Mei 1886, kifo kilipokuwa mlangoni na mapadre hawafikiki, Lwanga mwenyewe ndiye aliyewabatiza wenzake, akiwemo Kizito aliyekuwa bado mtoto. Waliorudi walikuwa na kazi ya kufanya, ila iliingia ndani ya kazi nyingine iliyokuwa ikiendelea bila wao.

Wapo pia watakaonikumbusha ya baadaye. Wamisionari walifukuzwa mwaka 1888, na waliporejea waliwakuta Wakristo wamekwisha kuwa vyama vyenye bunduki. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo, ofisa Mwingereza Lugard akiwa na bunduki ya Maxim upande mmoja, na misheni ya Rubaga ikateketea. Basi waliobaki si watakatifu kwa sababu tu walibaki. Nakubali, na sijadai kwamba daima wana haki. Ninachodai ni kwamba wana habari: nani alizika wafu, nani aligombana na nani, kiwanja cha kanisa kimeuzwa na nani. Anayerudi asiye na habari hizo atachagua upande bila kujua kwamba kuna pande. Mengo inanitia nguvu katika hoja hii kuliko kunidhoofisha.

Kwetu leo aliyebaki ana jina la kazi: katekista, au mwinjilisti kwa ndugu zetu wa KKKT. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki (AMECEA) walipoamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe njia ya uchungaji, walikuwa wanatambua jambo ambalo vigango vilikwisha kulijua, kwamba Jumapili nyingi ibada huongozwa na mtu mwenye shamba lake, anayesoma masomo, kutangaza michango na jioni kwenda kusuluhisha ndoa. Bajeti ya kufungua tena misheni humweka wapi? Mara nyingi mwishoni, baada ya gari, nyumba ya mmisionari na mafuta, chini ya kichwa cha posho, na ndicho kifungu cha kwanza kukatwa fedha zikipungua. Kisha anaitwa kwenye semina afundishwe kijiji chake na mtu aliyefika mwezi uliopita.

Kwa hiyo wahariri tumeweka sharti kwa taarifa za misheni zitakazotufikia kuanzia toleo lijalo. Kabla ya hali ya jengo na idadi ya waumini, zitueleze ni nani waliokuwa wakiongoza ibada wakati hakuna aliyetumwa, walifundisha nini, na waliulizwa lini kama wanataka mgeni huyo aje.