Oksijeni Haiui Mtoto

Kwetu Butembo na Beni wengi wakimwona mgonjwa ametiwa mpira wa oksijeni puani, wanaanza kulia kana kwamba amekwisha kufa. Wengine wanauchomoa usiku, muuguzi akiisha kupita. Neno hili ni baya, nami nalipinga.

Tazameni kazi ya mapafu. Ndani yake mna vifuko vidogo mno, mamia ya mamilioni. Vikitandazwa vyote vyaweza kufunika mita za mraba 70 hivi. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba kuliko karatasi, na damu inapita upande wa pili. Hapo oksijeni inavuka kuingia katika damu, na hewa iliyokwisha kutumika mwilini, yaani kaboni dioksidi, inavuka kutoka. Ni kama mpaka wa Kasindi: mizigo inaingia, mingine inatoka, njia ni ile ile.

Mtoto akishikwa na homa ya mapafu, vifuko vingi vinajaa maji na usaha. Damu inapita pale bila kupokea kitu. Ndiyo sababu anahema upesi, na midomo yake inageuka rangi. Hewa ya chumba ina oksijeni sehemu 21 tu katika 100. Mashine ya hospitali inachuja hewa hiyo hiyo mpaka oksijeni inazidi sehemu 80. Basi vifuko vichache vilivyobaki wazi vinapata cha kuvusha. Oksijeni haiui vijidudu, hiyo ni kazi ya dawa. Inamshika mtoto asife wakati dawa inapigana.

Mbona basi wengine wanafia kwenye mpira? Kwa sababu wanaletwa wamechelewa: siku tatu za majani, siku mbili za vidonge vya farmasi, kisha pikipiki usiku wa manane. Fundi akiitwa paa likiwa limekwisha kuanguka, mtasema nyundo yake ndiyo iliyoliangusha?

Mama, hesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mlete siku ile ile. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, usingoje kuhesabu. Nanyi mnaolinda wagonjwa usiku, uacheni mpira mahali pake. Taa ya mafuta, kiberiti na sigara vibaki nje, maana penye oksijeni moto unawaka kwa nguvu sana.