Kifafa: vita visikatize dawa pia

M23 ilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na familia nyingi zilikimbia na kile walichoweza kubeba tu. Katika habari za vita hatumsikii mgonjwa wa kifafa aliyeacha vidonge vyake nyumbani. Lakini dawa kama fenobarbitali ikikatwa ghafula, mgonjwa anaweza kuanguka tena na tena bila kuamka katikati, na hilo linaweza kumwua.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema wagonjwa hadi 70 kwa 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitunzwa vizuri. Fenobarbitali ni ya bei ndogo, na OMS imeiweka katika orodha ya dawa za lazima. Basi shida yetu ni njia ya dawa kufika, na mgonjwa kutoiacha.

Wengine wanatuuliza: tutapimwa wapi, wakati mashine ya kupima umeme wa ubongo iko mbali? Mashine inasaidia, lakini mtu anaweza kuwa na kifafa na karatasi yake ikaonekana ya kawaida. Daktari anaanza na ushuhuda wa yule aliyeona: alianguka namna gani, mwili ulitikisika upande gani, kwa dakika ngapi, na tangu lini. Katika Marko 9, Yesu mwenyewe alimwuliza baba ya kijana jambo hilo lilianza lini. Wengi wetu tumehubiri juu ya pepo wa sura hiyo, tukaliruka swali hilo.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji wenzetu: tuombee wagonjwa, lakini tusimwambie mtu yeyote atupe vidonge kwa sababu ameombewa. Mashemasi waulize katika kila familia, hata za wakimbizi, nani anameza dawa ya kifafa. Jina la dawa na kipimo chake viandikwe kwenye karatasi inayokaa pamoja na kadi ya uchaguzi. Vidonge vikibaki vya juma moja, aende kituo cha afya kilicho karibu, asingoje viishe.

Na mtu akianguka ibadani, tumlaze kwa ubavu, tusimtie kitu mdomoni. Zikipita dakika 5, tumpeleke hospitali.